Mmeuliza: Maziwa ya Macun na Sheria ya Kutogusa Kitu

Mwezi uliopita kwenye ukurasa huu niliweka aya mbili tu kuhusu Macun, uwanda wa mawe ulio juu kabisa upande wa mashariki wa Uswisi, wenye maziwa madogo 23 yaliyoachwa na barafu, nikasema huko hauruhusiwi kutoka kwa njia hata hatua moja wala kuchuma hata ua. Basi. Sikutegemea barua zingekuja hivi, zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Endebess, zingine ndefu kuliko hicho kipande chenyewe, na wengi wenu naona imewakera kidogo, kwamba mlima unaweza kufungwa namna hiyo na watu wakakubali. Nimechukua zile zinazobeba swali la wengi. Penye mambo mengi nitakaa, pengine nitapita haraka, mniwie radhi.

MAMA WA SAMAKI, KONDELE, KISUMU
Kijana wangu ako Uswisi anasomea mambo ya hoteli, juzi akanitumia picha amesimama kando ya hayo maziwa unayosema, maji safi mpaka mawe ya chini unayaona. Nikamuuliza hapo mnavua nini, akaniambia mama, hapa hata ndoano hairuhusiwi. Sasa mimi nimesomesha watoto na samaki, naomba nielezwe, ziwa lisilovuliwa lina faida gani? Na hiyo sheria ilitungwa na nani?

JIBU
Mama, asante kwa kuandika, na kijana alikwambia ukweli. Macun iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, ile ya bonde la Engadin, iliyoanzishwa tarehe 1 Agosti 1914, na kwenye milima yote ya Alps hakuna hifadhi ya taifa iliyotangulia hiyo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 170 hivi, yaani iko sawa tu na hifadhi yetu ya Mlima Elgon upande wa Kenya ambayo ni 169. Lakini kwa ukali hazilingani hata kidogo, maana lile shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka hiyo ya Uswisi kwenye kundi la Ia, ambalo ndilo kali kupita yote. Huko hakuna kuvua, hakuna kuwinda, hakuna kulisha mifugo, hakuna kuokota kuni wala uyoga wala matunda ya porini, hakuna kuwasha moto, hakuna kuoga ziwani, hakuna kupiga hema, na mbwa haingii hata ukimshika na kamba. Majira ya baridi njia zote zinafungwa, mnyama aachwe apumzike.

Sheria haikuanzia serikalini, na hii ndo sehemu ninayoipenda. Mwaka 1909 watu wachache, wakiwemo mwanasayansi Paul Sarasin, profesa wa mimea Carl Schröter na mwalimu mmoja wa shule anaitwa Steivan Brunies ambaye kwao ni hapo hapo Engadin, waliunda chama cha kuchangisha pesa za hifadhi. Mchango wa mwanachama ulikuwa faranga moja kwa mwaka. Moja tu. Harambee kabisa, na hizo faranga moja moja ndizo zilienda kukodisha bonde la Cluozza kutoka kwa kijiji cha Zernez mwaka huo huo wa 1909, miaka mitano kabla serikali kuu haijaingia na kuichukua hifadhi rasmi.

Sasa samaki. Maziwa mengi ya juu sana kule Alps hayakuwa na samaki tangu mwanzo. Fikiria mwenyewe, mto unashuka kwa maporomoko ya mawe, samaki atapandaje, na ziwa lenyewe limefunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, pale Macun barafu inaweza kukaa mpaka Juni na hata kuingia Julai. Waliokuwa wanaishi humo ni vidudu vidogo vidogo vya maji, mabuu ya wadudu, na mimea ambayo huwezi kuiona bila darubini. Samaki wamepelekwa na watu, ndoo kwa ndoo, mpaka kwa maziwa ambayo hayakuwahi kumjua mla nyama, na wale vidudu wengine wakaliwa wakaisha. Wewe wa Kondele sihitaji kukueleza zaidi. Mbuta, yaani sangara, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya hamsini na sitini, na wale samaki wadogo fulu ambao wazee wetu walikuwa wanauziwa kwa fungu, aina nyingi sana hazionekani tena. Pesa mbuta ameleta, nyingi, mimi siwezi kudharau hiyo, watoto wengi Kisumu wamesomeshwa na mbuta. Lakini hakuna mtu leo anaweza kukuonyesha Ziwa Victoria lingekuwaje kama lingeachwa, kwa sababu hatukuacha hata pembe moja ya kulinganisha nayo.

Faida ya ziwa lisilovuliwa ndo hiyo sasa. Tangu 2001 watafiti wanapanda Macun kila mwaka kupima maji yale yale, joto lake, chumvi chumvi zilizomo, wadudu waliomo, na kitu kikibadilika wanajua hakijabadilishwa na nyavu wala mbolea ya shamba la mtu, kimebadilishwa na hewa yenyewe. Maji ya hapo yanateremka kwa kijito cha Zeznina, yanaingia mto Inn, Inn inaingia Danube, Danube inamwaga Bahari Nyeusi. Mamilioni ya watu wako huko chini wanakunywa na wanavua, mama, kwa hiyo uvuvi upo, umewekwa tu mahali pake.

MWALIMU WA JIOGRAFIA, KAKAMEGA
Ulisema Macun iko mita 2,600 juu ya bahari na maziwa yake yamechongwa na barafu. Nikawaambia wanafunzi wangu, mmoja akainua mkono akauliza, mwalimu si Timboroa iko juu kuliko hapo na kule watu wanapanda viazi? Nikakwama. Naomba msaada, na pia utaje ya kwetu kama yako.

JIBU
Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama zake zote. Reli ikipita Timboroa inafika juu ya mita 2,700, na ni kweli hapo ni viazi na karoti na kondoo, baridi yake ni ya kuvaa sweta mbili basi. Tofauti ni kwamba sisi tuko kwa ikweta, jua linatupiga wima mwaka mzima, na Engadin iko karibu latitudo ya 47 kaskazini, jua la Desemba linachungulia tu likaenda. Kule miti inakoma karibu mita 2,200 au 2,300, baada ya hapo ni nyasi fupi na mawe. Kwetu ili uikute hali inayofanana na Macun lazima upande mpaka karibu mita 4,000 au zaidi, na hapo ndipo maziwa yetu ya barafu yalipo.

Jinsi yanavyotengenezwa waeleze hivi. Theluji inaanguka kwenye kibonde upande wa mlima, haiyeyuki yote, mwaka unaofuata inaanguka nyingine juu yake, inashindiliwa na uzito wake mpaka inakuwa barafu ngumu, na barafu ikishakuwa nene inaanza kutembea polepole kuteremka huku imebeba mawe chini yake yanayokwangua mwamba. Mwanafunzi akila ugali akibonyeza tonge kwa kidole gumba ili ateke mchuzi, kile kishimo ndicho barafu inaacha mlimani, nyuma kuna ukuta, mbele kuna ukingo mdogo, na barafu ikiisha mchuzi unabaki. Mahali pengine sio kishimo, ni lundo la mawe na udongo ambalo barafu ililisukuma mbele yake, ikayeyuka ikaliacha hapo, na lundo likazuia maji. Sehemu kubwa ya kazi hii ilifanyika katika enzi ya barafu ya mwisho, iliyokuwa na nguvu zaidi miaka kama 20,000 iliyopita na ikaisha miaka 11,700 hivi iliyopita.

Ya kwetu yako, mwalimu, tena mazuri mno. Mlima Kenya kuna Ziwa Michaelson lililo chini kabisa ya kuta za Gorges Valley, ukipanda kwa njia ya Chogoria unaliona kutoka juu na miguu inalegea, kuna Hall Tarns hapo hapo karibu, kuna Teleki upande wa magharibi. Na Elgon ambayo wanafunzi wako wakiamka asubuhi isiyo na ukungu wanaweza kuiona kwa mbali, ilikuwa na barafu yake pia. Leo haina hata kipande, lakini mabonde yaliyochongwa yako, malundo ya mawe yako, na vidimbwi viko, kimoja kinaitwa Jackson's Pool upande wa Uganda kwenye njia ya kwenda Wagagai, kilele chenye mita 4,321. Mimi naamini mtoto wa Kakamega angefundishwa barafu kupitia Elgon kwanza, halafu Alps baadaye. Vitabu vinafanya kinyume na watoto wanakua wakidhani barafu ni ya wazungu.

DEREVA WA WATALII, NAKURU
Niko kwa biashara hii miaka mingi, nimeingia Lake Nakuru mpaka twiga wananijua. Sasa hiyo park yako ya Uswisi hakuna gari, hakuna lodge, hakuna kutoka njiani, usiku hakuna. Mtalii analipa nini? Na wanyama wataonekanaje kama huwezi kuwafuata?

JIBU
Ndugu, kuingia ni bure. Ndiyo, bure. Unalipa ukiingia kile kituo cha wageni pale Zernez, lakini njiani hakuna geti la tiketi. Kulala ndani kuna sehemu mbili tu, nyumba ya mbao ya wapanda milima inaitwa Chamanna Cluozza na hoteli moja ya zamani barabarani pale Il Fuorn. Pesa nyingine zote mtalii anaziacha kwa vijiji vya nje, analala huko, anakula huko, anapanda treni na basi ya huko. Geti halili lakini kijiji kinakula.

Kuhusu wanyama, hapo ndo sheria ya kubaki njiani inafanya kazi ambayo watu hawaitegemei. Mnyama akishajua binadamu wanapita mstari ule ule kila siku na hawatoki, anaacha kuogopa. Kulungu wekundu wanakula nyasi mchana kweupe ng'ambo ya bonde na wewe umekaa kwa jiwe na darubini yako. Umeona kitu kama hiki Lake Nakuru, nyati hashtuki gari likipita barabarani, lakini mtu akifungua mlango akateremka, pundamilia wote wamehama. Ni akili ile ile, wao wameipeleka mpaka mwisho.

Na wacha nikuambie waliorudi, maana wewe utaielewa kuliko wengi. Mwaka 1904 dubu wa mwisho wa Uswisi alipigwa risasi bonde la S-charl, mlango wa pili tu na mahali hifadhi ilikuja kuwekwa. Mbuzi wa milimani, wale wa pembe ndefu zilizopinda nyuma, walikuwa wameisha nchi nzima zamani, waliobaki walikuwa Italia kwenye mbuga ya mfalme ya Gran Paradiso na mfalme hakutaka kuuza, kwa hiyo kuanzia 1906 watoto wa mbuzi wakavushwa mpakani kwa magendo, wakalelewa kwenye bustani ya wanyama mjini St. Gallen, na mwaka 1920 wengine wakaachiliwa ndani ya hifadhi. Kila nikiisoma hii nashangaa, kizazi chote cha mbuzi kimeokolewa kwa magendo. Halafu kuna tai mwenye ndevu, yule anayebeba mfupa juu angani na kuuangusha kwa mwamba uvunjike ale uboho. Waliuawa wote Alps kwa sababu watu waliamini wanaiba kondoo na hata watoto, na kati ya 1991 na 2007 makinda 26 yaliachiliwa ndani ya hifadhi hiyo, bonde la Stabelchod, mpaka wakaanza kuzaa wenyewe. Ndege huyo huyo aliwahi kuzaa kwenye majabali ya Hell's Gate, hapo Naivasha, kaunti yako. Leo ukimpeleka mtalii Hell's Gate humwonyeshi. Dubu naye mwaka 2005 mmoja alijileta mwenyewe kutoka Italia, hakuna aliyemwita.

Kitu kimoja kigumu ambacho lazima nikiseme, huko hawasaidii mnyama. Theluji ikiwa nyingi kulungu wadhaifu wanakufa na wanaachwa hapo, hakuna nyasi inayomwagwa na lori, hakuna daktari. Mti ukianguka unaoza pale pale ulipoangukia. Mtalii mwingine akiona anasema park imetelekezwa. Hapana, hiyo ndo kazi waliyoamua kuifanya, kuangalia bila kuweka mkono, na wako na vipande vya ardhi walivyoviwekea alama tangu 1917 wanarudi kuhesabu mimea ile ile, zaidi ya miaka 100 sasa. Misitu ya hapo zamani ilikuwa imekatwa vibaya, magogo yakielea mtoni kwenda kuchemsha chumvi huko Hall nchi ya Austria na mengine yakichomwa kuyeyusha chuma pale pale Il Fuorn. Ukiiona leo huwezi kuamini.

KIJANA, ENDEBESS
Soma barua yangu mpaka mwisho tafadhali. Babu yangu alichungia ng'ombe juu kule kwenye nyasi za Elgon, baba yangu alifukuzwa, mimi nikiingia kutafuta asali naambiwa ni mwizi. Sasa nyinyi waandishi mnatusifia mahali pa kutogusa kitu. Kwetu kutogusa kitu maana yake ni sisi kutolewa. Huko Uswisi walitolewa akina nani?

JIBU
Nimeisoma mara mbili, kijana, na hii ndiyo imenifanya ukurasa wa leo uwe mrefu.

Bonde la Cluozza ambalo walianza nalo halikuwa na wakazi, lilikuwa mbali na njia zake mbaya, na misitu jirani ilikuwa imechoka kwa kukatwa. Hakuna kijiji kilichohamishwa kutoka hapo. Hiyo ni bahati ambayo Elgon haikuwa nayo na msitu wa Mau haukuwa nayo, na mtu anayechukua sheria ya Uswisi akaibandika kwa mlima wenye watu juu yake anafanya kosa kubwa sana, hata awe na nia njema namna gani.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui, na natamani lisomwe na kila mtu anayeshika kalamu ya uhifadhi hapa kwetu. Ile ardhi mpaka leo sio ya serikali kuu. Ni ya vijiji. Zernez ni mwenyewe, na wenzake kama S-chanf na Scuol ni wenyewe wa vipande vyao, na serikali kuu ni mpangaji anayelipa kodi kila mwaka. Zaidi ya miaka 100 analipa. Mwanakijiji anajua mlima ni wake, ameukodisha usiguswe, na pesa za kodi anaziona kwa bajeti ya kijiji chake.

Na anaulizwa. Mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuipanua hifadhi na kuizungushia eneo la pili la uangalizi, watu wakapiga kura. Zernez wakakataa. Kijiji kilekile kilichokuwa cha kwanza kukodisha mwaka 1909 kilisema hapana, imetosha, na mpango ukaachwa, hakuna askari aliyetumwa, hakuna nyumba iliyochomwa. Lavin, kijiji jirani kilicho chini ya Macun, wakakubali, na ndivyo maziwa 23 yalivyoingia hifadhini mwaka huo wa 2000. Kwa hiyo maziwa ambayo mmekuwa mkiniuliza tangu juu ya ukurasa huu yako salama kwa sababu wenyewe walisema ndiyo, na wangeweza kusema hapana, na tunajua wangeweza kwa sababu jirani zao walisema.

Weka hiyo kando ya yale ya kwetu. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Waendorois waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria kwa ajili ya hifadhi ya wanyama walivunjiwa haki zao. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua vivyo hivyo kuhusu Waogiek wa Mau, ikaikataa hoja kwamba walitolewa ili kuokoa msitu, kwa sababu haikuonyeshwa kwamba wao ndio walioumaliza, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu. Hizo hukumu zipo, zimeandikwa, na utekelezaji unajikokota. Wewe una haki ya kukasirika.

Hata hivyo sitakuambia mlima uguswe kila mahali. Nzoia inakusanya maji yake Cherangani na Elgon, na mvua ikinyesha juu kwenye miteremko iliyokatwa miti, matope yanafika Budalangi, nyumba za watu zinazama. Nyasi za juu zikichomwa kila kiangazi zile lobelia kubwa na miti ya senesio ya Elgon inachukua miaka mingi kurudi. Kuna vidimbwi na chemchemi juu kule ambavyo mimi ningependa vifungwe kabisa, mtu aangalie tu apite. Ila ningependa vifungwe kwa mkataba wenye sahihi ya wenyewe, ramani waliyoichora wao wakionyesha hapa asali, hapa malisho ya kiangazi, hapa hakuna mtu anaingia hata sisi, na kodi inayofika. Kwa Waogiek wa Chepkitale, huko huko Elgon, hizo kanuni za nani anaingia wapi zilikuwepo kabla ya geti lolote, wazee wako wanazijua. Kaa nao uziandike, kijana, weka tarehe na majina ya mahali, karatasi hiyo itahitajika kuliko unavyofikiri.

MSOMAJI, NJORO
Swali fupi. Kama hiyo barafu inaisha kwa sababu ya joto la dunia, hifadhi inasaidia nini?

JIBU
Barafu yenyewe hifadhi haiisaidii, ukweli ndio huo. Uswisi ilipoteza karibu asilimia 6 ya barafu yake yote mwaka 2022 na asilimia 4 nyingine 2023, miaka miwili tu asilimia kumi imeondoka, na hakuna askari wa hifadhi anayeweza kuzuia joto. Lewis, ile barafu kubwa ya Mlima Kenya, kufikia 2010 ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake tangu 1934. Kinachosaidika ni vilivyo karibu na barafu. Ziwa ambalo tayari limepata joto, ukiliongezea na kinyesi cha mifugo na sabuni ya wapiga kambi na samaki wa kuletwa, linakufa haraka. Ukiliondolea hayo mengine linapambana na jambo moja tu. Tena maziwa mapya yanazaliwa pale barafu inaporudi nyuma, na mahali hapo pasipolindwa mapema panakuwa bwawa la umeme au kambi kabla hata ramani haijachorwa.

BABA WA WATOTO WATATU, WEBUYE
Uswisi sitafika. Nataka kuwapeleka wanangu Elgon Disemba hii waone mlima wa barafu ya zamani. Nianzie wapi na niangalie nini?

JIBU
Mzee, umefanya vizuri kuchagua Disemba, mvua imepungua. Pitia Kitale uende Endebess, geti ni la Chorlim, na siku ya kwanza usipande juu. Wapeleke watoto mapangoni kwanza, Kitum ndo ile ambayo ndovu wanaingia usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao, alama za pembe utaziona kwa macho yako, na Makingeny iko karibu. Msiingie ndani sana kwenye popo wala kushika kinyesi chao, watu wawili waliotembelea Kitum mwaka 1980 na 1987 waliugua virusi vya Marburg, kwa hiyo mlangoni panatosha kabisa, na mikono ioshwe kabla ya chakula.

Siku ya pili, kama wote wameshinda miaka kumi na wana nguvu, ombeni askari wa hifadhi wa kuwasindikiza mwelekee upande wa Koitobos, kile kilele chenye kichwa bapa. Msilazimishe kufika juu, kimo kinazidi mita 4,000 na mtoto akianza kulia kichwa au kutapika mnashuka saa hiyo hiyo, hakuna kusema tupumzike kidogo. Mkishatoka kwenye mianzi mkaingia kwa nyasi wazi, waambie wasimame waangalie mabonde yalivyo mapana chini, yenye umbo la karai, sio yale membamba yanayochimbwa na mto peke yake. Waambie watafute mwamba uliolainishwa wenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Sweta, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua kwa kila mmoja, maji ya kutosha, na chapati mzibebe nyumbani kwa sababu juu hakuna duka. Moto msiwashe. Takataka zote mrudi nazo kwa mfuko, na yule mdogo akitaka kuokota jiwe, mruhusu alishike, alichunguze, kisha alirudishe mahali alipolitoa.